Maisha mepesi si maisha ya shida

Kasongo.

Kila juma napata ujumbe wa sauti kwenye simu. Wengine wanauliza bei ya mchele sokoni, wengine hali ya barabara, wengine kama kijiji chao kimetulia. Lakini kuna swali linalorudi mara nyingi siku hizi: tutaishi namna gani ili roho ipumue? Watu wamechoka na deni, na ugonjwa, na kukimbizana na vitu. Wanataka kuishi kwa uhuru, kwa afya, bila mzigo mzito. Leo napenda kuandika niliyoyaona juu ya swali hilo katika kazi yangu, na ninayojaribu mimi mwenyewe nyumbani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna maisha mepesi na kuna maisha ya shida. Mtu anayekula mara moja kwa siku kwa sababu shamba lake liko nyuma ya watu wenye bunduki, huyo hakuchagua. Tusimwambie kwamba ana bahati ya kuishi bila vitu vingi. Maisha mepesi ni yale ambayo mtu anachagua mwenyewe kitu cha kubeba na kitu cha kuacha.

Hata hivyo, waliokimbia wanaweza kutufundisha jambo. Nimesimama mara nyingi kando ya barabara familia zikiingia kutoka upande wa Kabambare. Naangalia wanachobeba: sufuria, jembe, panga, shuka, mkeka, kadi ya mpiga kura iliyofungwa ndani ya plastiki. Mama mmoja alikuwa amefunga mbegu za mpunga kwenye pembe ya kitenge chake. Nilimuuliza kwa nini mbegu, na mtoto analia njaa. Akanijibu: “Baba, chakula kinaisha leo. Hii ni ya mwaka ujao.” Alikuwa ameacha viti, redio, mbuzi na bati za nyumba. Mbegu hakuziacha. Tangu siku ile, nikitaka kununua kitu, najiuliza: hiki ni mbegu au ni kiti?

Sasa tuje kwenye uhuru. Hapa kwetu neno hilo lina historia nzito. Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip na wenzake katika karne ya 19. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliofungwa minyororo walipita hapa. Wakati ule, mtu asiyekuwa mtumwa aliitwa mwungwana. Ndiyo maana Kiswahili chetu kikaitwa Kingwana: lugha ya waungwana, watu huru. Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1893, wakaaji hawakuachwa wapumue. Baadaye likaja pamba la lazima: mkulima alipimiwa shamba, akaambiwa apande nini na auze kwa nani. Wazee wetu walijua kwamba mtu anaweza kuwa bila mnyororo mguuni na bado siku yake si yake.

Nafikiri juu ya hilo ninapozungumza na vijana wanaotoka kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Salamabila na Namoya. Wengi walikwenda wakitafuta uhuru. Kazi inaanza hivi: patroni anakupa chakula, buti, tochi na vyombo vya kuchimbia. Vyote vinaandikwa kwenye daftari lake. Ukipata dhahabu, unamuuzia yeye, kwa bei anayotaja yeye. Ukikosa, daftari linaongezeka. Kijana mmoja aliniambia kwamba baada ya muda mrefu shimoni, kitu pekee kilichokua ni deni. Alilipa kidogo kidogo, akatoka, akaomba kipande cha shamba kwa mjomba wake karibu na Kasongo. Mpunga wa mlimani unachukua karibu miezi minne mpaka mavuno, na miezi hiyo ilikuwa migumu kwake. Lakini alisema jambo ambalo sijalisahau: “Sasa nikiamka, hakuna mtu anayenidai jua la leo.”

Sisemi kwamba kila mchimbaji aache shimo kesho. Kuna familia zinazosomesha watoto kwa dhahabu. Nasema tu: kabla ya kuhesabu faida, hesabu nani anashika daftari. Na kuna la afya pia. Wengi wanachanganya merkiri na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha wanaichoma, mara nyingine kwenye jiko lile lile la chakula. Moshi wake ni sumu. Unaingia kwenye mapafu, unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na hatari ni kubwa zaidi kwa mama mwenye mimba na mtoto wake. Anayelazimika kufanya kazi hiyo aifanye mbali na nyumba, mbali na vyombo vya kupikia, na asikae mahali upepo unapompeleka moshi.

Juu ya afya, Kasongo ina jambo la kujivunia ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1971 ilianza hapa kazi iliyoitwa Projet Kasongo, ikisaidiwa na Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji. Wazo lake lilikuwa rahisi: mgonjwa apate kwanza muuguzi karibu na kijiji, kwenye kituo kidogo cha afya, na hospitali kubwa ibaki kwa kesi nzito. Wakaaji wenyewe wazungumze na wauguzi juu ya namna kituo kinavyotumika. Hayo yalianza miaka saba kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, ambapo mataifa yalikubaliana juu ya afya ya msingi kwa wote. Leo nchi yetu yote imegawanywa katika zoni za afya, na uzoefu wa Kasongo ulikuwa kati ya mifano iliyoonyesha njia. Watu wa hapa walishaonyesha kwamba kitu kidogo kilichopangwa vizuri kinaokoa maisha.

Basi tusidharau vidogo. Maji ya kunywa yachemshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni, na sabuni ikikosekana, kwa majivu. Chandarua kifungwe kitandani, kisigeuzwe wavu wa samaki. Sombe ipikwe na karanga, maharagi yapate nafasi kwenye sahani ya mtoto. Lutuku inayonywewa asubuhi inakula pesa na maini pamoja.

Na mihogo michungu, ndugu zangu, iloweshwe siku tatu au nne, kisha ianikwe mpaka ikauke kabisa. Najua familia iliyokimbia ina haraka, watoto wana njaa, na siku moja ya maji inaonekana kutosha. Haitoshi. Sumu inayobaki inaweza kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafula, na miguu hiyo haiponi. Maisha mepesi hayana maana ya njia ya mkato. Kuna mambo ambayo wepesi wake uko katika kungoja.

Mimi nimejaribu nini? Nyuma ya nyumba yangu kuna bustani ndogo ya lengalenga na bilingani, na kwa siku nyingi sinunui mboga. Pale ambapo miguu inatosha, naenda kwa miguu au kwa kinga, siiti pikipiki. Sichukui kitu dukani kwa deni. Pesa ikikosekana, kitu kinangoja. Saa mbili usiku nazima simu. Tuko watu kumi katika likelemba, na tumepatana kwamba pesa ya zamu inunue kitu kinachozaa: kuku, jembe, mbegu, ada ya shule. Si mambo makubwa. Lakini nalala vizuri zaidi, na mke wangu anasema nasikiliza vizuri zaidi.

Sasa neno kwa sisi wenye nyumba na mashamba hapa Kasongo. Hatuwezi kuwahubiria wageni wetu maisha mepesi huku tunawakodisha shamba kwa nusu ya mavuno. Hilo nalo ni daftari la patroni. Anayeweza, ampe jirani aliyekimbia kipande cha kulima kwa msimu mmoja au miwili. Wapatane mbele ya chifu, waandike, ili kesho kusiwe na ugomvi wa ardhi. Familia isiyokuwa na shamba inabaki na njia chache: baba kurudi shimoni, binti kuozwa mapema, mtoto kuacha shule. Na kwa wakubwa wa serikali na wote wenye bunduki tunasema wazi: uhuru wa mkulima unaanzia kwenye barabara ya kwenda shambani. Ikiwa mama hawezi kupita bila kulipa kizuizi au kuogopa mwili wake, ushauri wangu wote hapa ni maneno matupu.

Ndugu uliye mbali na kijiji chako, siwezi kukuahidi siku ya kurudi. Lakini juma hili angalia ndani ya nyumba uliyopokewa, uchague jambo moja: deni moja la kumaliza, chupa moja ya kuacha, kipande kimoja cha ardhi cha kuomba. Anza na hilo. Ukifaulu, nitumie ujumbe wa sauti. Nitafurahi kuupitisha redioni ili wengine wasikie.

Kubakeni salama. Tuko pamoja.