Madoa ya Nta, ya Tope na ya Mafuta

Hapa parokiani kwetu, upande wa Temeke, kila mwaka baada ya Pasaka akina mama huja ofisini na lalamiko moja: nta. Katika mkesha kila mtu hushika mshumaa wake, watoto husinzia, nayo nta humwagikia nguo. Mama mmoja gauni lenyewe alikuwa ameliazima kwa jirani, akataka kulitumbukiza katika maji ya moto. Nilimsihi angoje. Nta ikiisha kuganda hukwanguliwa polepole kwa mgongo wa kisu. Kisha nguo hulazwa kati ya karatasi mbili za kaki, na pasi ya mkaa isiyo kali hupitishwa juu. Karatasi huinywa nta. Ibadilishe mpaka isitoke tena alama. Gauni lilirudi kwa mwenyewe, na ujirani ukabaki.

Damu haitaki joto hata kidogo, maana joto huishikiza katika nyuzi. Iloweke upesi katika maji baridi. Juu ya maji ya mabibo sina la kusema: mwenye nguo nzuri asikae chini ya mkorosho.

Siku hizi vijana hununua mitumba ya Tandika na kuwapelekea wazee vijijini viatu vya swedi, yaani vya ngozi yenye malaika laini. Mzee akipata tope, huviosha kwa sabuni kama kandambili na kuvianika juani, navyo hukakamaa kama gome. Tope liache likauke kivulini, ndipo ulisugue kwa mswaki mkavu. Alama iliyobaki, ifute kwa kifutio cha penseli cha watoto. Mafuta yakidondoka, nyunyiza unga mkavu wa mahindi, uulaze usiku kucha, asubuhi uukung'ute.

Lakini hasa naandika kwa ajili ya petroli. Tangu pikipiki zilipoenea, hupatikana kwa chupa hata vijijini, na wako waitumiao kutolea mafuta nguoni. Hutoa kweli. Ila mvuke wake hauonekani, ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka penye jiko au koroboi ya chumba cha pili, na moto humrudia aliyeshika nguo. Vilevile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiichanganye na ndimu wala siki: hutoa hewa ya sumu.

Suruali yangu ya kusomea matangazo ya Jumapili ina doa la mafuta ya baiskeli karibu na pindo. Bado naivaa.