Rauta, kapasita na masikio yangu
Jamani wasomaji, nina kisa. Mwezi jana nilichota kodi ya nyumba nikanunua pawasaplai ya bei ya rauta, kisha nikafungua swichi na kulehemu kapasita mpya, eti muziki usikike safi. Na niliusikia safi, wallahi! Jumapili mdogo wangu akaniambia nifumbe macho. Wimbo ukaendelea, nami nikawa nasifu besi.

“Kaka, waya wa mtandao nimeuchomoa kitambo.”

Programu yangu huweka wimbo mzima kwenye memori kabla ya kuucheza. Na nina digrii ya kompyuta! Najua TCP hutuma upya pakiti iliyoharibika, na mpigo wa sauti hutoka kwenye saa ya DAC, si rauta. Mwenye nyumba anakuja Jumamosi. Nani anataka pawasaplai?