Waya Mwembamba

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Basi si ajabu mtoto wa huko akitamani kuunda gari moshi dogo la kuchezea, liendalo kwa umeme. Mbao na mabati atapata. Taabu imo katika nyaya zake, nyembamba kama unywele.

Ndani ya ganda la waya umo uzi wa shaba. Ganda lisipoondolewa penye kiungo, umeme haupiti. Lakini kisu kikilikata kwa nguvu huijeruhi na shaba yenyewe, na jeraha lile ni dogo, jicho haliioni alama yake. Siku ile gari hukimbia vizuri. Siku nyingine waya hupinda pale pale, hukatika, na mwenyewe hajui ugonjwa uko wapi.

Kwa hiyo fundi mwenye akili hashindani na waya. Ikiwa ganda ni la plastiki, huligusa kwa ncha ya chuma cha moto pande zote mpaka lilegee, kisha hulivuta polepole kwa kucha. Ikiwa ni vanishi, huisugua kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae.

Ndivyo ilivyo hata kwa mkonge. Mashine hukwangua nyama ya jani ili singa zibaki. Visu vikikaribia mno, singa hukatika. Vikiwa mbali mno, nyama hubaki. Kipimo cha katikati hujulikana kwa mkono uliozoea, wala mkono hauzoei kwa siku moja.