Buni Mia Moja

Shamba la shule yetu lilikuwa ekari moja ya kahawa nyuma ya darasa la tano, likishuka kuelekea korongoni. Juu lilipakana na mfereji, chini lilipakana na kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mzee mmoja aliyekuwa mkali sana kwa mtoto yeyote aliyekanyaga mimea ya masale ya mpaka wake. Ukisimama mstari wa juu uliona mabati ya Moshi mjini yakimetameta, na siku za soko ulisikia magari yakihangaika na mlima kutoka Kiboriloni. Hii ni Old Moshi, na habari ninayoisimulia ni ya miaka ya sabini.

Nilizaliwa mwaka 1967. Machi ya mwaka huo, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Nikaanza darasa la kwanza Januari 1975, miezi miwili tu baada ya chama tawala kukutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kusoma awe shuleni. Kwetu shule haikuwa kitu kigeni. Walutheri wa Leipzig walifundisha huku tangu enzi za Wajerumani, na bibi yangu alijulia kusoma kwao, kwa Kimochi, lugha ya nyumbani. Lakini azimio la Musoma lilijaza madarasa. Dawati la watu wawili tulikaa wanne, anayeandika akimsubiri mwenzake ainue kiwiko. Wakaletwa walimu wa UPE, kama ulivyoitwa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu, ambao walitufundisha huku wenyewe wakisomea ualimu.

Sera ilitufikia kwa njia ya jembe. Ratiba ilikuwa na kipindi cha Elimu ya Kujitegemea, sisi tukikiita EK, na siku ya EK kila mtoto alikuja na jembe au ndoo ya samadi. Sisi wasichana tulijitwika ndoo kichwani juu ya kata ya majani makavu ya mgomba, na maji ya samadi yalikuwa yakitutiririka shingoni hadi kwenye kola ya shati la shule. Tukifika tulipanga ndoo mstarini, tukaimba, tukalima. Miaka minne ya kwanza sikujua kama shamba lile lina uhusiano wowote na masomo. Lilikuwa kazi, na kazi tulikuwa nayo tele nyumbani.

Mwaka 1979, nikiwa darasa la tano, alihamia kwetu mwalimu wa hisabati. Vita ya Kagera ilikuwa inaelekea ukingoni na madukani hakukuwa na daftari. Mwalimu yule hakulalamika. Asubuhi moja ya Mei, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye madirisha, tulimwamkia, akatuitikia, kisha badala ya kutuambia tukae akatuambia tutoke. Tukamfuata hadi shambani.

Alitugawa katika makundi ya watoto kumi. Kila kundi lilipewa mistari yake na kuambiwa lichume buni changa mia moja, za kijani, kutoka miti tofauti, bila kuchagua nzuri wala mbaya. Tulizihesabu mara mbili juu ya jani la mgomba. Kisha akatuambia tutenge zile zenye doa. Doa la chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni, ukilitazama kwa karibu limebonyea kidogo, jeusi, kana kwamba mtu amegusa buni kwa ncha ya msumari wa moto. Mwalimu alichukua wembe, akapasua moja iliyooza mbele yetu. Ndani punje mbili zilizopaswa kuwa nyeupe zilikuwa zimekauka na kuwa nyeusi. Akapasua nzima, akaziweka pamoja kiganjani, akapita nazo kwa kila kundi ili kila mtoto aone.

"Ninyi mmepata ngapi?" akaniuliza.

"Ishirini na tatu, Mwalimu."

"Katika ngapi?"

"Katika mia."

"Basi hiyo ndiyo asilimia ishirini na tatu. Mmeshaijua."

Mpaka siku hiyo asilimia ilikuwa alama tu ubaoni, mstari wa mshazari wenye kiduara kila upande. Baada ya hapo ikawa kahawa ya baba. Niliporudi nyumbani nilichuma buni mia moja kihambani kwetu, nikazihesabu mbele yake, nikamwambia mstari wa karibu na mfereji una ugonjwa mwingi kuliko ule wa juu. Baba yangu hakuwa mtu wa kusifu. Alikaa kimya, akaenda kuazima bomba la kupulizia, na wiki hiyo akapuliza dawa ya kopa mstari wa mferejini kwanza. Majani yalibaki na rangi ya buluu kwa siku nyingi, nami kila nilipopita niliyatazama.

Yaliyofuata yalikuwa ya namna hiyohiyo. Serikali ilikuwa imeingiza vipimo vya metriki, lakini wazee waliendelea kupanda kahawa kwa futi, tisa kwa tisa, kwa hiyo mwalimu alitufundisha vyote viwili. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ukigawa kwa 81 unapata miche 537 na ushee. Tulikwenda kuhesabu miti ya shule, tukakuta mingi imekufa na visiki vimeachwa, tukapiga hesabu ya hasara. Msimu wa kuchuma ulipofika tulipima kilo ishirini na tano za kahawa nyekundu, tukaimenya kwa mashine ya jirani, tukaivundika usiku kucha, tukaiosha na kuianika kwenye chanja. Ilipokauka na ganda lake tukaipima tena: kilo tano. Mwalimu aliandika uwiano huo ubaoni, moja kwa tano, na hakuufuta wiki nzima.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo naikumbuka kuliko siku nyingine yoyote ya shule. KNCU na vyama vikuu vingine vya ushirika vilikuwa vimevunjwa na serikali mwaka 1976, kwa hiyo kahawa yetu iliuzwa kupitia kijiji. Malipo ya kwanza yalipotoka, mwalimu aligawanya ubao kwa mstari wa wima. Upande mmoja mapato, upande wa pili matumizi. Akatuuliza fedha ifanye nini. Wavulana walitaka mpira wa miguu. Msichana mmoja mpole, ambaye hata darasani hakuwa akisikika, alisimama akasema sisi ndio tunaochota maji mferejini kila asubuhi, basi anaomba liwekwe bati la kukinga maji ya mvua na pipa la kuyahifadhi. Zilipigwa kura za mikono. Bati lilishinda, na fedha iliyobaki ikanunua chaki.

Nilikuwa mtu mzima na mwenye watoto niliposoma andiko lenyewe la Nyerere kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikakuta mambo yale yamo. Andiko linataka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza, wanafunzi waone matokeo ya jasho lao na washiriki kuamua mapato yatumikeje. Mwalimu wetu hakuwa amebuni kitu. Aliisoma sera akaitekeleza kama ilivyoandikwa, na hilo lilikuwa jambo adimu sana.

Mwisho wa mwaka alihamishwa. Shamba lilibaki, somo likaondoka. Sera haikubadilishwa hata nukta moja na kipindi cha EK kiliendelea kuwamo kwenye ratiba. Lakini sasa aliyechelewa namba alipewa mistari miwili ya kulima, na aliyesikika akiongea kilugha alileta ndoo tano za samadi. Mtoto akishalimishwa kahawa kwa adhabu, ataipendaje? Msimu uliofuata tuliona magunia yakitoka, hatukuona tena mapato na matumizi ubaoni, na hakuna mkubwa aliyetuambia fedha imekwenda wapi. Tuliacha kuhesabu buni. Tulilima kwa juujuu, tukifukia magugu badala ya kuyang'oa, na chulebuni ikala ilichotaka. Nilikasirika wakati ule kwa hasira ya kitoto isiyo na pa kuelekea, na sioni aibu kusema kwamba haijaisha.

Darasa la saba nilimaliza mwaka 1981. Nafasi za sekondari za serikali ziligawanywa kwa mikoa ili nchi yote ipate, na mkoa wetu ulikuwa na watoto wengi kuliko nafasi ulizopewa. Sikuchaguliwa. Ugawaji ule siulaumu, maana kuna mikoa iliyokuwa haina kitu. Wazazi wa Kilimanjaro walichanga, makanisa yakajenga, nami nikaingia kidato cha kwanza katika shule moja ya binafsi, kwa ada ya kahawa.

Huko nikakutana na jambo jingine. Mwalimu wa bayolojia aliinua tawi la mmea na kuuliza swali kwa Kiingereza kuhusu ugonjwa wa majani. Lilikuwa tawi la kahawa, na madoa ya njano chini ya majani niliyafahamu vizuri: ni kutu, inashambulia jani wakati chulebuni inashambulia buni, na dawa ya kopa inaweza kuzuia zote mbili. Niliyajua hayo yote kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza sikuwa na neno hata moja, nikanyamaza, na darasa zima la watoto wa wakulima wa kahawa likanyamaza pamoja nami. Mwaka huohuo wa 1982 tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mpaka leo sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na bado naamini tume ile ilisema kweli.

Mwaka jana nilipita shuleni. Ekari ile sasa ni vyoo vipya na uwanja wa netiboli, na mfereji umekauka. Mwalimu kijana aliyenipokea, baada ya kunipa shikamoo na kunikaribisha kiti, alinieleza kwa furaha kuhusu mtaala mpya na mkondo wa amali kule sekondari, jinsi watoto watakavyotoka na ujuzi mikononi. Nilimsikiliza kwa moyo wote, maana jambo lenyewe ni jema, na lilikuwa jema tangu 1967.

Kwa hiyo ombi langu nalipeleka kwa walimu na kamati za shule, huku mlimani na popote penye karakana, bustani au mizinga ya nyuki ya wanafunzi. Mtakapouza mazao ya kwanza, wekeni mapato na matumizi ubaoni, mahali ambapo mtoto wa darasa la tano anaweza kuyasoma. Kisha waulizeni watoto fedha ifanye nini, na wakiwajibu, fanyeni hivyo.