Kununua na Kuunda

Nilipotoka chuo cha ualimu nalidhani kuwa kazi ya mwalimu ni kujibu maswali. Mwaka wa 2018 mtoto mmoja wa darasa la saba alinifunza kuwa mwalimu aweza pia kuyaua maswali kabla hayajazaliwa.

Shule yetu ilikuwa na vishikwambi, kama vile vilivyoanza kugawiwa shule za msingi nchini mwaka wa 2016. Nilivitunza kama mboni ya jicho. Nilivifungia kabatini na ufunguo wake haukunitoka mfukoni. Kimoja kilipokataa kuwaka nilikiweka kando, nikangoja fundi wa kutoka mjini, naye hakuja. Asubuhi moja nilimkuta mvulana amekifungua juu ya dawati, bisibisi mkononi. Nilighadhibika. Sikumwuliza neno, nilimwamuru akamlete mzazi wake.

Alikuja bibi yake, mzee wa kutembelea mkongojo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole:

"Mwalimu, kugusa kitu bila ruhusa ni kosa, na kwa hilo nitamkemea mwenyewe. Lakini redio yangu ilipokufa, huyu ndiye aliyeifufua. Nilimleta kwako aongezewe ujuzi, si apunguziwe."

Sikuwa na jibu. Nilimpa kijana ruhusa, naye akanionyesha waya wa betri uliochomoka mahali pake. Aliurudisha, na kioo kikawaka. Miezi mingi kifaa kile kilikuwa kimelala, si kwa ubovu wake, bali kwa hofu yangu.

Tangu siku ile nimelitazama taifa kwa jicho jingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na taifa linunualo kila chombo bila kujua kilichomo ndani yake halina budi kungoja fundi wa mbali. Tazameni Korea Kusini. Ilitoka vitani mwaka wa 1953 ikiwa fukara. Mwaka wa 1959 kampuni ya GoldStar iliunda redio ya kwanza ya nchi hiyo. Tazameni kisiwa cha Taiwan. Mwaka wa 1976 kilipeleka wahandisi vijana Marekani, katika kampuni ya RCA, wakajifunze kutengeneza chipu, vile vipande vidogo vya silikoni ambavyo ni ubongo wa kompyuta. Walirudi na ujuzi, na mwaka wa 1987 ikaanzishwa TSMC, ambayo leo hutengeneza chipu kwa kampuni kubwa za dunia. Mataifa hayo yalianza kwa kujifunza kazi ya wengine, kisha yakafanya yao.

Kwetu pia mwanzo upo. Mwaka wa 2007 M-Pesa ilianza kupeleka fedha kwa simu. Mwaka wa 2009 nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilifika Mombasa. Mwaka wa 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, na katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kumeanzishwa kiwanda cha chipu. Lakini kuunganisha sehemu zilizotoka ng'ambo ni ngazi ya kwanza tu, wala hapandi ngazi ya pili asiyejua jinsi ya kwanza ilivyojengwa.

Basi, vijana, msidharau meza ya fundi wa redio sokoni. Ketini karibu naye, mwulizeni. Jifunzeni hisabati na fizikia ili mkono ujue sababu ya litendwalo nao. Ombeni ruhusa kabla ya kufungua, na chombo chenye umeme msikiguse, kwani umeme hauna huruma kwa mjinga wala kwa mwerevu.

Nami nilimwomba kijana yule msamaha mbele ya darasa lake. Haikuwa rahisi. Kisha nikautoa ufunguo mfukoni, nikaufungua mlango wa kabati, na watoto wakasogea karibu.