Familia Zetu katika Msitu wa Arabuko-Sokoke



Atokaye Watamu akashika njia ya magharibi hufika Gede kwa muda mfupi, na akiifikia barabara kuu ya Mombasa na Malindi huuona mbele yake msitu umesimama kama ukuta. Huo ndio Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Katika misitu ya asili iliyosalia kwenye pwani ya Afrika Mashariki, hakuna kipande kimoja kikubwa kuuzidi. Sisi watu wa bahari twamjua changu na tafi kwa majina, lakini msitu huu twaupita garini madirisha yamefungwa, na watoto wetu huambiwa kwamba ndani mna majini tu.

Kwa ajili hiyo tuliandaa siku ya mafunzo kwa familia za madrasa. Orodha ya kwanza iliyotufikia ilikuwa na majina ya wavulana watupu. Tuliirejesha, tukasema kwamba mwaliko ni wa familia, na familia ina mama na ina binti. Siku ilipofika, kina mama walikuwa wengi kuliko kina baba, na mahamri na mbaazi walizobeba zingetosha harusi.

Tuliingia mapema baada ya Alfajiri, kabla ya jua kukaza. Kijana wa Kigiriama aliyetuongoza alitutaka kwanza tunyamaze, jambo ambalo kwa watoto wetu lilikuwa gumu kuliko mwendo wenyewe. Upande wa mashariki miti ni ya mchanganyiko, na humo mna mbambakofi, mti uliowapa wazee wetu mbao za milango ya nakshi. Watoto waliokota mbegu zake, nyeusi tititi na kofia nyekundu kichwani, wakajaza mifuko hadi kijana alipowaomba wazirudishe chini ili zipate kuota. Mbele zaidi ardhi hugeuka mchanga mweupe, na hapo mrihi hutawala, msitu ukawa wazi na mwanga mwingi. Ukiendelea magharibi udongo huwa mwekundu na vichaka hubana, mtu asiweze kupita ila kwa njia iliyokatwa.

Tuliwapa watoto kazi ndogo: watafute viumbe ambao sura za Qurani zimeitwa kwa majina yao. Chungu walipatikana upesi, na baadhi yao walipatikana ndani ya suruali. Buibui alikuwa ametanda baina ya matawi mawili, umande ungali juu ya nyuzi zake. Nyuki walisikika juu ya mti. Ndovu hatukumwona, bali tuliona kinyesi chake kikubwa njiani, nao watoto walikizunguka kwa furaha ambayo hatujapata kuiona darasani. Ndovu wa humu huzuiwa kwa uzio wa umeme wasiingie mashambani.

Mnyama aliyetupendeza mno ni sengi, mwenye pua ndefu ya kuchezacheza na kiuno cha rangi ya dhahabu. Uzito wake ni kama nusu kilo. Hupekua majani makavu akitafuta wadudu, na akishtuka huyapiga majani kwa mkia kisha hukimbia kwa mirukoruko. Wataalamu wanasema huishi mume na mke katika eneo moja maisha yao yote, ingawa kila mmoja hulala kwenye kiota chake. Kina mama walicheka sana kwa habari hiyo, sababu hatukuiuliza.

Kisha kijana akasimama, akatuonyesha kwa kidole kichaka kizito. Tulikodoa macho muda mrefu kabla ya kuwaona bundi wawili wadogo, hawafiki urefu wa kiganja na vidole vya mtu mzima, wamegusana mabega wamelala. Bundi huyu hupatikana hapa na katika misitu ya chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Bibi mmoja alifunika macho ya mjukuu wake, akasema, "Sheikh, huyu si ndege wa kutazamwa, huleta msiba." Tulimjibu kwa adabu kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kuamini nuksi ya ndege, na kwamba mauti yana ajali yake kwa Mola. Bibi akafikiri kidogo, kisha akauondoa mkono.

Jambo zito lilitukuta wakati wa kurudi. Kando ya njia kijana aliona kitanzi cha waya, akakikata. Alitueleza kwamba mitego hii hutegewa paa, na miongoni mwao ni paa nunga, ambaye yuko hapa na kule Unguja, naye amekuwa adimu mno. Mama mmoja akatuuliza mbele ya wote: "Sheikh, nyama hii huja mpaka milangoni mwetu usiku, bei rahisi, na muuzaji huapa kwamba amechinja. Tule?"

Swali hilo lastahiki jawabu la wazi, maana si yeye peke yake anayegongewa mlango. Mnyama aliyenyongwa na kitanzi akafa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, na aliyenyongwa ametajwa katika Suratul Maida miongoni mwa vilivyoharamishwa. Kisu kupita juu ya shingo ya aliyekwisha kufa hakumhalalishi. Mtegaji hutega jioni na kurudi kesho yake. Ni wangapi huwakuta hai? Tena uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu 1977, na nyama hiyo imetoka katika msitu wa hifadhi. Kiapo cha muuzaji asiyethubutu kuja mchana hatuoni njia ya kukitegemea. Asiye na uwezo wa nyama, na ale dagaa kwa moyo mkunjufu.

Adhuhuri tuliswali kivulini, tukatandika mikeka juu ya majani. Baadaye tulipita kwenye mradi wa Kipepeo, karibu na magofu ya Gede. Tangu 1993 wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado ndani ya maganda yao. Mama aliyeuliza habari ya nyama alibaki nyuma akidadisi jinsi mtu anavyojiunga.

Safari ya pili tutaitangaza kwenye ukurasa huu, inshallah. Atakayekuja avae viatu vya kufunika vidole, na maji ayatie katika chupa za kudumu, kwani plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi msituni tangu 2020. Na mahamri yapunguzwe.