Kengele ya Kengeleni na Simu ya Mkononi

Avukaye Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kuishika njia ya Malindi hupita Kengeleni. Makondakta hulitaja jina hilo kutwa kucha. Abiria hushuka, huvuka barabara na kwenda zao. Ni wachache wanaoinua macho kuitazama kengele iliyokipa kituo hicho jina.

Kengele hiyo ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa Kisauni mwaka 1875 na wamishonari wa Church Missionary Society kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Ilikuwa miaka 2 tu tangu Sultani Barghash wa Zanzibar atie sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. Husimuliwa kwamba kengele ilipigwa kuwatahadharisha wakazi kila wavamizi walipokaribia. Sauti yake, basi, ilikuwa mpaka baina ya uhuru na minyororo.

Siku hizi ipo teknolojia ya uhalisia ulioongezwa. Mtalii huelekeza kamera ya simu kwenye gofu. Programu hutambua mahali aliposimama, kisha huchora juu ya picha hiyo kuta na mapaa yaliyokwisha kuanguka. Hatua iliyo karibu na hiyo imekwisha kupigwa pwani hii: mwaka 2020 magofu ya Kilwa Kisiwani yalionyeshwa katika intaneti kwa michoro ya pande tatu, kupitia mradi wa Google, CyArk na ICOMOS. Hapana shaka Kengeleni nayo yaweza kufanyiwa vivyo hivyo.

Swali ni je, picha hiyo itasema kwa sauti ya nani? Kuta hupimwa kwa mashine. Hofu ya aliyeamshwa na kengele usiku haipimiki. James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, tena kwa Kiswahili. Programu itakayoichora Frere Town pasi na kukizingatia kitabu hicho itawaonyesha wageni nyumba zisizo na wenyewe. Itakayosema Kiingereza pekee itamgeuza mkazi wa Kisauni kuwa mgeni kwao. Isitoshe, mwandishi asiye na hakika huandika "labda". Mchoro hauna neno hilo, na kisio lake hugeuka ushahidi machoni pa mtazamaji.

Wahandisi wana kamera. Wanafunzi wa Kiswahili wana matini, istilahi na masikio ya kusikilizia. Waanze sasa, kwani wazee waliorithi masimulizi hayo hawatangoja programu ikamilike.